Nati Tano Kwenye Kaptula ya Mwanangu

Admin, jina langu libaki kwako tu, maana ndugu wa mume wangu wamo humu. Mtakaonitukana nitukaneni, ila mkimaliza mnishauri. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mkulima, naishi upande wa Chiola, Nachingwea. Nimelibeba jambo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na sijawahi kumwambia mtu.

Mwaka huo tulimtoa kijana wetu mkubwa jando. Mwenzangu ukiwa mtu wa huku unajua, mtoto hatoki jando kimyakimya. Mtama karibu wote ulikwenda kwenye sherehe, wageni wakala siku tatu wakatusifu. Kufika Januari ghala limebaki vumbi, na mihogo shambani nguruwe pori walishaimaliza. Tukawa tunachimba ming'oko, mizizi ya porini. Mdogo wake, Salumu, alikuwa na mwaka na miezi miwili, chakula chake ni uji wa makopa, mihogo mikavu, mwepesi kama maji ya kunawia, hauna karanga wala sukari. Maziwa yangu nayo yalikuwa yanakauka.

Kila mwezi nesi alikuja ofisi ya kijiji kupima watoto. Kila mama alishona mwenyewe kaptula ya kumning'iniza mwanawe kwenye mzani. Kadi ilikuwa na rangi: kijani mtoto mzima, kijivu anayumba, nyekundu hatari. Waliofika kwenye nyekundu walipewa unga wa lishe na kupelekwa hospitali. Mngedhani mama mwenye njaa angeitamani hiyo nyekundu. Thubutu! Huku mtoto akikonda husemwa mama yake kambemenda, yaani kalala na mwanaume naye bado ananyonyesha. Mama mkwe wangu alikuwa wa kwanza kuwasema wenzangu. "Mwanamke hana haya," alisema juu ya jirani yetu, "kashindwa kujizuia mpaka mtoto kabaki mifupa." Na mume wangu miezi ile alikuwa kwenye vibarua huko Ruangwa. Salumu akikonda, ningeambiwa nimembemenda na mwanaume gani?

Shamba letu lilikuwa kwenye ardhi ya mashamba ya zamani ya Mzungu ya karanga, ukilima jembe linagonga vyuma. Niliokota nati mbili za trekta, nene, zimeshika kutu, nikazishonea ndani ya mkanda wa kaptula ya Salumu. Kijani. Mwezi uliofuata alikuwa amepungua, nikaongeza ya tatu. Mpaka Machi zilikuwa tano. Nesi alitazama mshale tu, mstari mrefu ulikuwa unamsubiri. Akawaambia wenzangu, "Mwigeni mama huyu." Wakanipigia makofi, na mimi nikatabasamu! Wenzangu wawili waliondoka na unga, mimi nikaondoka na sifa.

Aliyejua ni mtu mmoja, wifi yangu. Huyu ni dada wa mume wangu kwa baba, mama mbalimbali. Aliachwa kwa kukosa kizazi, akarudi kuishi nasi. Salumu alishinda mgongoni kwake. Tukila, alimegea mtoto tonge lake akisema, "Mie nishashiba," na wote tulijua hakushiba. Siku moja alifua ile kaptula, akaja nayo mkononi.

"Wifi, nguo hii mbona inagongana?"

Nikaanza kulia. Akaiweka mapajani kwangu, akasema, "Basi nyamaza. Mi sijaona kitu. Ila mtoto huyu tumtafutie karanga."

Karanga hatukuzipata. Mwezi wa nne Salumu alivimba uso na miguu, watu wakasema ananenepa. Mimi nilipombonyeza mguu kidole kiliacha shimo. Nilijua, jamani, nilijua. Kisha likaja tumbo la kuhara, siku mbili tu, mtoto wangu akafa.

Baada ya arobaini mama mkwe alitoa kadi mbele ya ukoo mzima. "Tazameni wenyewe, kijani mwezi hadi mwezi. Mtoto mzima hafi kwa siku mbili, hapa pana mkono wa mtu. Nani alikuwa anambeba kutwa? Nani hana wake?"

Wote wakamgeukia wifi. Yeye akanitazama mimi, mara moja tu. Alikuwa na neno moja la kujiokoa na hakulisema. Mimi nikajifunika kanga usoni, watu wakadhani ni uchungu wa mwanangu. Kesho yake mume wangu, aliyekuwa amerudi kwa msiba, akamtoa nyumbani, na fungu lake la nguo likatupwa njiani. Akaenda kujishikiza Mbwemkuru.

Mama mkwe alishafariki akiamini hivyo. Sasa binti yangu, aliyezaliwa baada ya Salumu, anaolewa mwezi ujao, na anamtaka shangazi yake huyo amfunde, maana hana shangazi mwingine. Baba yake amesema, "Mchawi yule hakanyagi hapa nikiwa hai." Mwezi uliopita nilimdanganya mume wangu kwamba nakwenda msibani, nikamfuata wifi Mbwemkuru. Nilimkuta anapepeta mbaazi za watu apate za kula. Watoto wa pale wanapita mbali na mlango wake. Nilipiga magoti nikamwambia nitasema ukweli wote. Akaninyanyua.

"Wifi, utaachwa uzeeni, utakwenda wapi? Mie nishazoea."

Kisha akaniuliza binti anaolewa na nani, na kama anakula vizuri.

Nikisema, mume wangu atajua nilimfukuzisha dada yake bure na mtoto wake alikufa kwa njaa niliyoificha kwa mikono yangu. Nikinyamaza, binti yangu atafundwa na mtu mwingine, na wifi atakufa na jina la mchawi. Nishaurini ndugu zangu. Ila msiniambie nimwachie Mungu. Nimemwachia miaka yote hii, na wifi bado anapepeta mbaazi za watu, peke yake. Niambieni tu nianze na nani, mume wangu au binti yangu, maana zile nati tano ninazo, nimezitoa leo, ziko hapa mbele yangu.