Majani ya Mwakani

Mimi na mama tulipovuka ziwa kukimbia vita Kongo, nilikuwa na miaka kumi na mitano na hasira za kutosha kijiji kizima. Nilifika nazo hadi mtaa wa Kizwite, Sumbawanga, kwa mama wa Kifipa aliyetupa chumba cha uani na kibustani nyuma ya nyumba. Nikapanda mchicha. Ukiisha, mchicha tena. Sikutaka chochote cha kusubiri, maana kwetu tuliacha mihogo ardhini na mpaka leo sijui nani aliila.

Mvua zilipokaribia kwisha, mama mwenye nyumba akanichukua shambani kwake tukalime matuta. Kwenye jembe mimi si mchezo. Kabla hajamaliza kufunga khanga kiunoni, nilikuwa nimeshainua matuta kadhaa. Akalifumua la kwanza kwa mguu.

"Majani yako wapi?"

Kumbe kwao majani hulazwa kwanza, ndipo yafunikwe udongo. Juu hupandwa maharage, na ndani majani yanaoza taratibu. Mvua za mwaka unaofuata tuta linasambazwa, unapandwa ulezi.

Nikawaka. "Mama, mwakani mimi sijui hata nitalala wapi!"

Hakunibembeleza. Aliendelea kufyeka. "Sawa. Weka majani, halafu uende."

Nilicheka huku nimenuna. Tukafumua yote, tukaanza upya.

Maharage tuliyala. Mvua zikarudi, tukasambaza matuta, na udongo wa ndani ulikuwa mweusi, laini. Niliushika nikafurahi, nikafurahi kweli. Ulezi ukaota. Mama yangu akaanza kuuza vitumbua pale mtaani, na mimi nikapata wenzangu wa kusukana nywele Jumapili baada ya misa, wakinicheka Kiswahili changu nami nikiwacheka chao.

Ulezi ulikuwa unatoa masuke kaka yangu aliyebaki ng'ambo ya ziwa alipopiga simu.

"Dada, huku kumetulia. Rudini mwezi huu."

Simu hiyo nilikuwa nimeiombea kwa Mungu muda mrefu. Machozi yakanitoka. Lakini nikamwambia mwezi huu haiwezekani, nina ulezi shambani. Akadhani namtania.

"Njoo wewe," nikasema. "Njoo nyumbani."

Akauliza, "Nyumbani wapi?"

Nikaanza kumwelekeza, kuanzia stendi ya Sumbawanga.