Kidole cha Mzee Mstari

Mama Dobi alikuwa na tatizo dogo, na kwa kuwa lilikuwa dogo, aliamua kulitafutia dawa kubwa. Tatizo lenyewe lilikuwa na miguu miwili, lilikuwa na simu nzuri kuliko ya bosi wake, na lilitakiwa kukaa kaunta kila asubuhi kupokea nguo za wateja. Ndiyo maana wote walimwita Kaunta. Asubuhi nyingi kaunta ilikuwepo, Kaunta hayupo.

Waajiriwa pale dukani walikuwa watatu tu. Povu, bwana wa miraba minne, alifua nguo chumba cha nyuma na kutoka huko amelowa kama aliyefuliwa yeye. Mzee Mstari alipiga pasi. Jina alipewa na wateja kwa sababu ya suruali zake: mstari alioupiga mbele ya suruali ulikaa pale mpaka mwenye suruali akaanza kuona aibu kuukalia. Wa tatu ni huyo Kaunta tuliyekwisha kumtaja, ambaye hapa atatajwa zaidi ya alivyoonekana kazini.

Mzee Mstari alianza kazi siku marehemu mume wa Mama Dobi alipofungua duka. Marehemu alipoondoka, mjane wake alikuwa anajua jambo moja tu kuhusu kazi ya udobi: namna ya kumpelekea dobi nguo. Mzee ndiye aliyemfundisha kutenganisha vitambaa, kunusa shati na kujua pasi imezidi moto, hata namna ya kuongea na mteja aliyepotelewa na kifungo na anayedai kwamba kilikuwa cha dhahabu. Ufunguo wa duka alikaa nao yeye. Alifungua kabla ya mtu yeyote kufika, akafagia, akawasha pasi. Hakuna aliyewahi kumwagiza.

Sasa, kwamba Kaunta anachelewa, kila mtu alijua. Povu alijua, wateja walijua, na Mama Dobi alijua kuliko wote. Dawa yake ilikuwa maneno mawili: mwanangu, unachelewa. Lakini Kaunta alikuwa binti wa Shemeji, mdogo wake marehemu, na Shemeji ndiye aliyesimama upande wa mjane pale ndugu wengine walipotaka duka liuzwe. Ukimgusa binti umemgusa baba. Kila Mama Dobi alipofungua kinywa, mdomo ulikuwa mzito, akaishia kumuuliza Kaunta kama amekunywa chai.

Huenda mambo yangeendelea hivyo mpaka mwisho wa dunia, kama si bwana harusi mmoja. Alikuja asubuhi ya siku yake kuchukua suti, hakukuta mtu kaunta, akapiga kelele mpaka Povu akatoka na mikono inachuruzika. Povu, kwa moyo wake mwema, alimpa suti ya kwanza aliyoiona. Mwenye suti ile alikuwa mtu mrefu wa kwenda hewani. Kwenye picha za harusi, bwana harusi hana mikono, na bibi harusi anaonekana ameshika shada la maua kwa mkono mmoja na suruali ya mumewe kwa mwingine.

Mama Dobi alikasirika sana. Na kwa ujasiri wake ule ule, badala ya kumkasirikia mmoja, aliwakasirikia wote watatu.

"Kuanzia leo," alisema, "nataka kujua kila mtu anaingia saa ngapi."

Alianza na daftari la mahudhurio, la kuandika muda na kutia sahihi. Kaunta aliandika muda alioupenda mwenyewe, na kwa mujibu wa daftari alikuwa anafika kazini kabla jogoo hajaamka. Daftari likatupwa. Ikaja njia ya pili: kila mtu akifika ajipige picha dukani na kuituma kwenye kundi la simu. Povu alituma picha ya povu. Mzee Mstari alikuwa na simu ya vitufe ambayo haikujua kupiga picha, akasamehewa. Kaunta alituma picha nzuri kila siku bila kukosa, mpaka mteja mmoja mama wa makamo alipotambua blauzi yake kwenye mojawapo. Kumbe binti alitenga alasiri moja, akajipiga picha za wiki nzima mbele ya nguo zilizotundikwa, huku akibadilisha blauzi za wateja.

Hapo Mama Dobi akaona atafute ushauri wa mtu mzima. Akaenda kwa nani? Kwa Shemeji, bila shaka.

Shemeji alikuwa amehudhuria semina. Semina ilihusu nini hakuna aliyejua, lakini alirudi nayo kichwani nzima nzima. Siku iliyofuata alikuja na mashine ndogo nyeusi yenye kioo cha kuwekea kidole, na akaieleza kana kwamba aliizaa.

"Shemeji," alisema, "binadamu anaona haya. Mashine haina ndugu."

Maneno hayo yalimwingia Mama Dobi. Kitu kisicho na ndugu kingesema kile alichoshindwa yeye, naye angekaa pembeni na kushangaa pamoja na wengine. Akaikubali mashine siku hiyo hiyo.

Waliandikishwa vidole. Kaunta aliweka kidole chake laini, mashine ikasema, "Asante." Povu alijifuta dole gumba, mashine ikasema, "Asante." Mzee Mstari akaweka chake.

"Jaribu tena," ilisema mashine.

Akajaribu tena. Akaweka kingine, akahamia mkono wa pili. Mashine ilikataa vyote kumi. Vidole vya mzee vilikuwa vimelainika kama mgongo wa kijiko. Mvuke, wanga na kuigusa pasi kwa kidole chenye mate kila siku vilishakula alama zote.

"Basi andikeni tu kwamba nimekuja," alisema mzee. "Si mnaniona?"

"Mzee wangu, mfumo hauoni," alisema Shemeji kwa upole wa daktari. "Mfumo unasoma."

Hapo Mama Dobi angeweza kusema, mwacheni mzee. Alitaka kusema. Lakini akimwachia mmoja, Shemeji si atauliza kwa nini binti yake asiachiwe? Akajifanya anapanga vifungo kwenye kopo.

"Kwani kidole lazima kiwe cha mkono?" Shemeji aliuliza ghafla, macho yakamng'aa. "Kidole ni kidole."

Mashine ikashushwa, ikapigiliwa chini ya kaunta, kimo cha kifundo cha mguu. Mzee Mstari alimtazama Mama Dobi. Mama Dobi alikuwa amepata kifungo cha kuvutia sana. Mzee akainama, akafungua kamba za kiatu, akavua soksi, akaweka kidole gumba cha mguu.

"Asante," ilisema mashine, na Shemeji akapiga makofi.

Basi ikawa ndiyo kazi. Kila asubuhi mtu mzima mwenye wajukuu alishika kaunta kwa mkono mmoja, mguu mmoja uchi, akihangaika kama anayepima maji kabla ya kuoga. Wateja walisimama kutazama. Mwalimu mmoja aliyeleta mashati alimpa pole kwa ugonjwa wa mguu na kumtajia dawa. Povu alicheka siku ya kwanza, kisha akaacha, akawa anageukia ukutani mpaka mzee amalize kufunga kamba. Mama Dobi naye aliona aibu, aliona sana, na kila alipoiona alikwenda chumba cha nyuma.

Mwisho wa mwezi ripoti ikatoka. Ilisema Kaunta anachelewa kila siku. Shemeji aliisoma, akakohoa, akasema inaonyesha changamoto za usafiri. Kisha akaendelea kusoma na uso ukamchangamka. Ripoti ilisema Mzee Mstari pia anachelewa. Na kwa kweli ilisema hivyo, kwa sababu mzee alifungua duka, akafagia, akawasha pasi, akanyoosha mashati ya haraka, na ndipo alipokumbuka kwamba ana mguu unaosubiriwa.

"Lazima aambiwe," alisema Shemeji. "Sheria ni msumeno."

Mama Dobi akaenda kwenye meza ya pasi. Na ajabu ni kwamba maneno yale yaliyomkwama kooni miaka yote yalitoka bila kizuizi. Mzee hakuwa na baba wa kuogopwa.

"Mzee wangu," alisema, "mashine inasema unachelewa."

Mzee Mstari aliisimamisha pasi. "Mashine inasema hivyo. Wewe mama unasemaje?"

"Ndio utaratibu, mzee wangu."

"Sawa," alisema mzee, akaendelea kunyoosha. Alimaliza nguo zote za siku hiyo, na kola ya mwisho ilikuwa nzuri kama ya kwanza.

Asubuhi yake Mama Dobi alikuta duka limefunguliwa na kufagiwa, lakini pasi ilikuwa ya baridi. Ufunguo ulikuwa juu ya kaunta. Alipokuwa bado anaushangaa, simu ikalia.

"Shemeji, umeona?" Sauti ilijaa furaha. "Nimetazama mashine hapa kwenye simu yangu. Mzee leo kawahi kuliko wote. Nilikwambia mashine inanyoosha watu."

Mama Dobi aliinua macho. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na dobi mwingine, mwenye duka la vioo, aliyekuwa akimtongoza Mzee Mstari ahamie kwake kwa miaka bila mafanikio. Nyuma ya kioo mzee alikuwa amesimama, viatu vyote viwili miguuni, ananyoosha suruali ya mtu. Kwa mujibu wa mashine, alikuwa kazini kwa Mama Dobi.

"Shemeji, unanisikia?"

Alikata simu. Alikaa kwenye kiti cha kaunta, ambacho kama kawaida kilikuwa wazi, akalia kidogo na kujifuta kwa shati la mteja. Jua lilikuwa limeshapanda Kaunta alipoingia, akaweka kidole, mashine ikamshukuru.

"Umechelewa, mwanangu," alisema Mama Dobi.

Binti alishtuka. Akatazama chini. "Samahani, mama mkubwa. Kesho nitawahi."

Na kesho yake akawahi kweli. Mama Dobi alimkuta ameketi kwenye ngazi, amejikunyata kwa baridi, mlango umefungwa kwa kufuli.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema Kaunta. "Nimefika mapema, ila hapakuwa na mtu wa kufungua."