Nilisema Dini Imekataza Ndoa Mwezi wa Safar

Nilikosa. Nasema mapema usije ukanihurumia kabla hujasikia. Nilidanganya kijana wa watu kwa jina la dini, na ni mimi niliyemkaribisha kwenye hiyo dini!

Mimi ni mama Mwislamu, nauza nguo za watoto hapa Embu. Binti yangu, nitamwita Salma, alipendana na kijana Mmeru, mkulima wa ndizi kule Mitunguu. Kijana akasilimu, akaitwa Yusuf. Mpole, msikivu. Kila kitu alikuwa ananiuliza mimi. "Mama, hii inaruhusiwa?" Nikimjibu, anaamini.

Tulikuwa tumeshaelewana mahari, imebaki kupanga siku. Halafu akanipigia simu. Mama yake alikuwa na kansa na sasa alikuwa amezidiwa.

"Mama, naomba tufunge ndoa hii wiki. Hata kama ni sebuleni. Anataka tu kuniona nikioa."

Nikaangalia kalenda ya msikiti pale ukutani. Safar! Mwezi wa pili wa Kiislamu, ule wazee husema una mkosi.

Mimi mwenyewe niliolewa Safar. Mume wangu aligongwa na lori Salma akiwa bado hajajua kutembea. Dereva alikuwa amelewa, kila mtu alijua. Lakini mama mkwe alinililia mbele ya watu: "Si niliwaambia huu mwezi una mkosi?" Hayo maneno hayajawahi kunitoka.

Sasa, ningemwambia Yusuf hivyo tu, kwamba ninaogopa. Niliona aibu! Nikasema, "Mwanangu, dini yetu imekataza ndoa mwezi wa Safar. Ngojeni uishe."

"Imekataza kabisa?" akauliza.

"Kabisa."

"Basi sawa, mama. Kama ni Mungu amesema, nitangoja."

Salma alinishuku. "Mama, twende tuulize imamu." Nikamkaripia! "Wewe ndiye utanifundisha dini?" Hakurudia tena.

Nilienda Mitunguu kumjulia hali yule mama. Alikuwa amekonda hadi kitanda kilionekana kikubwa. Yeye ni Mkristo, wa kanisa sana, na hakuwa amemkataza mwanawe kusilimu.

"Mama Salma," akaniambia, "mimi sijui mambo ya dini yenu. Lakini huo mwezi utaisha lini?"

"Karibu," nikasema.

Akanishika mkono. "Basi nitajaribu."

Jamani! Ningesema ukweli pale pale, imamu angeitwa jioni hiyo hiyo. Nilimtengenezea mto, nikaaga.

Alikufa kabla mwezi haujaisha.

Kwa mazishi tulienda na imamu wetu. Watu wakila, Yusuf akamwambia kwa uchungu, laiti Safar ingeisha mapema kidogo. Imamu akashangaa.

"Nani alikuambia hivyo? Mtume mwenyewe alikana huo mkosi wa Safar. Hizo ni imani za kabla ya Uislamu. Mngefunga ndoa siku yoyote."

Nilikuwa nimesimama hapo na sahani ya wali mkononi. Yusuf hakupiga kelele. Alinigeukia tu.

"Mama, ulikuwa unajua?"

Ningeruka, niseme sikujua. Lakini hotuba ya namna hiyo nilishaisikia msikitini, si mara moja. "Nilikuwa nimesikia," nikamjibu. "Niliogopa."

Hakuoa Salma. Alimwambia hana ubaya na yeye, ila akimwona anamwona mama yake akingoja. Salma alihamia Meru mjini. Hupiga simu siku ya Idi, ananisalimu kwa heshima, anakata. Heshima hiyo inaniuma kuliko matusi!

Wewe mzazi unayesoma hii, kijana mwema akija kwako, usianze kumhesabia miezi. Uliza wanaojua dini, na wakikujibu, sikia. Na kama moyo bado unaogopa, sema, "Naogopa." Watu watakusaidia. Lakini usiseme ni Mungu amekataza.