Siku Umande Ulipokosa Kuanguka

Huko Dundori, karibu na Nakuru, mwaka wa hamsini na saba, umande ndio uliokuwa mkuu wa shule. Maua ya pareto, yale ya kutengenezea dawa ya wadudu, hayachumwi yakiwa na maji, maana huchacha kikapuni yakawa meusi, na mzungu mwenye shamba akawa mwekundu kuliko kawaida yake. Basi kila asubuhi watoto wa vibarua waliotoka Nyanza walisomea katika banda la kukaushia maua mpaka jua likaushe shamba. Siku ya ukungu walifika hesabu za kugawanya. Siku ya jua, hata majina hayakuisha kuitwa.

Mwalimu wao alikuwa Nekoye, msichana wa Mbale, Uganda, aliyekuja kumtembelea shangazi yake akakuta watoto kumi na wanne wasiojua kusoma. Akakaa mwaka mzima bila mshahara. Kwao alikuwa amefukuzwa chuo cha ualimu katikati ya masomo, kwa kumwambia mkuu wa chuo kwamba uji wa pale ungefaa zaidi kubandikia karatasi ukutani. Sasa chuo kilikuwa kimemsamehe. Afike Jumatatu, barua ilisema, la sivyo asifike tena. Lori la maziwa lingemshusha stesheni ya Nakuru Jumamosi saa nne.

Alikuwa ameipanga Jumamosi hiyo. Kila mtoto angesimama asome mstari mmoja, naye angemwambia neno lake peke yake la kubaki nalo. Wiki nzima aliyatafuta maneno hayo kumi na manne, na kwa kuwa hayakuwa na mzaha ndani yake, yalimtesa.

Umande haukuanguka. Kulikucha na upepo mkavu, na jua lilipochomoza tu nyapara Kipsang akagonga kipande cha reli kuita wachumaji. Nekoye akajikuta bandani na ubao na mabenchi matupu. Akafunga mlango, akaenda shambani.

"Mwalimu, leo hakuna masomo," Kipsang alimwambia. "Na usinisimamie kwenye mistari. Ukisimama wewe, wote watasimama."

"Na nikichuma?"

"Ukichuma, mdomo ni wako."

"Basi lete kikapu, mzee. Na uyaombee maua yako."

Mtoto wa kwanza alikuwa Anyango, wa miaka kumi na mmoja, vidole vyake vikienda kama cherehani.

"Mwalimu, unaacha mikia," alisema bila kuinua kichwa. "Kata shingoni. Hilo bado changa, liache. Hapana, hilo limezeeka! Kwani huoni?"

"Anyango, leo ninaondoka."

"Tunajua. Unaenda kufundisha wapi?"

"Ninaenda kumaliza chuo."

Vidole vikasimama. "Si ulituambia ulimaliza?"

"Niliwaambia hivyo."

"Kumbe tumefundishwa na nusu mwalimu!"

"Nusu yenyewe mmeila yote. Naenda kutafuta nyingine."

Anyango alicheka, kisha Kipsang akakohoa, na vidole vikarudi kazini. Neno alilomwekea lilikuwa refu, lenye "daima" ndani yake. Nekoye alilitafuta, akaambulia kusema, "Usiache kusoma." Anyango akajibu, "Ndiyo, mwalimu," akasogea hatua tatu mbele.

Hapo ndipo Nekoye alipoielewa taabu yake. Watoto walikuwa wepesi, yeye mzito. Kila alipomkaribia mmoja, huyo alikuwa ameshachuma na kusogea, naye akabaki anazungumza na mgongo. Owino alimwambia kwaheri huku ameshika ua kwa meno. Milcah mdogo alimtilia konzi mbili za maua kikapuni kwa kumhurumia, na hilo lilimuuma kuliko kama angelia. Hakuna aliyekosa adabu. Walikuwa na vikapu vya kujaza, na yeye alikuwa na la kusema.

Alikuwa amefika kwa mtoto wa tisa lori lilipopiga honi barabarani. Akanyoosha mgongo. Watano waliobaki walikuwa mbali, karibu na mierezi, wameinama. Mmoja wao alikuwa Cheptoo, lakini kwa umbali ule hakujua ni yupi. Alifikiri kuita. Lakini sauti ya kuita ingewasimamisha wote, na alikuwa amekubaliana na Kipsang asiwasimamishe.

Kipsang alipokea kikapu, akachungulia ndani. "Haya nusu ni majani, mwalimu."

"Nusu ndiyo kipimo changu, mzee."

Kipsang hakucheka. Alivua kofia yake ya sufu, akampa mkono, na huo ndio mkono pekee aliopewa siku ile.

Ndani ya lori, mikebe ya maziwa ikigongana nyuma, dereva alimtazama mara mbili. Vidole vya abiria wake vilikuwa vya kijani, naye alikuwa amevishika mapajani kama vitu vya kuazima.

"Dada, kuna mtu umemwacha bila kumuaga?"

"Watano."

"Watano!" Dereva akapiga usukani kwa kicheko. "Wachumba watano, dada? Shamba moja?"

Siku nyingine Nekoye angemjibu mpaka ajute kuuliza. Safari hii aligeukia dirishani, akayarudia kimoyomoyo maneno ya wale watano. Dereva akacheka peke yake kona mbili hivi, kisha akakaza macho barabarani.