Perege Niliowabeba Kichwani

Niseme ukweli: nilikuwa na wivu. Si ule wivu wa kuitolea macho kanga ya mwenzako kanisani, ukifika nyumbani umeshasahau. Wangu ulikuwa unalala na mimi na kuamka na mimi, na wote ulitokana na bakuli la mboga.

Sisi Wamatengo tulikuwa na sengu. Jioni wanaume wa ukoo hukusanyika uani kwa mzee, kila mke anapeleka ugali na mboga yake, wanakula pamoja na kuamua mashauri ya ukoo hapohapo. Hakuna anayetamka mboga ya nani ni tamu. Atamke ya nini? Vyombo vikirudi jikoni, bakuli la mmoja limekombwa, la mwingine lina mboga nusu, na kila mwanamke analijua bakuli lake.

Langu lilikuwa linarudi limekombwa. Miaka yote tangu niolewe! Nilikuwa na migono yangu, mitego ya matete niliyosuka mwenyewe, naitega mtoni chini ya shamba letu la ngoro, lile la mashimo ya mlimani. Nilikuwa napata visamaki vyembamba, vifupi kuliko kidole. Navikausha juu ya moto siku mbili, kisha navipika kwa karanga za kusaga na pilipili kidogo. Baba mkwe alikuwa amebakiza meno ya kuhesabu, na visamaki vile havikumsumbua kwa miba. Kabla hajanawa alikuwa anauliza, "Mke wa mkubwa ameleta?" Mimi huko jikoni nasikia, kichwa kinavimba.

Ndipo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akaoa mwanamke wa Chiwanda, kule ufukweni mwa ziwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanakufuata hadi mlangoni, kila mmoja na mzani wake, mitumba imejaa Mbinga mjini, na kila mtu anahimizwa awe na mradi wake. Bwana samaki wa serikali naye akaja kijijini kutuambia tuchimbe mabwawa, vifaranga vya perege vitaletwa kwa gari. Tulicheka mpaka machozi. Samaki afugwe kama nguruwe? Mke wa shemeji hakucheka. Yeye amekua anakula mbasa na usipa wa ziwani, samaki hawamtishi. Alishika jembe na mumewe, wakachimba bondeni, akapokea vifaranga, akawa anawalisha pumba na majani kila asubuhi.

Siku aliyovua mara ya kwanza alikaanga perege wazimawazima, mikia imetokeza nje ya bakuli. Wanaume walisikika wanatafuna tu. Bakuli lake lilirudi na miba mitupu. Langu, loo, lilirudi kama nilivyolipeleka. Na baba mkwe, yule wa meno ya kuhesabu, alikuwa anachambuliwa miba na wajukuu! Nikamsikia anasema, "Leo, mama, umetulisha." Roho iliniuma, nikaenda kulia nyuma ya banda la kuni.

Kesho yake mke wa shemeji akaja kwangu mwenyewe. "Shikamoo dada. Nikuletee vifaranga na wewe? Bwawa tutakuchimbia." Alikuwa anasema kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nikamjibu sina muda wa kulisha samaki.

Sasa sikieni akili yangu. Niliwaza hivi: huyu anasifiwa kwa sababu perege ni wake peke yake. Wakijaa mtoni, kila mtu atakula perege, na bwawa lake litakuwa shimo la maji tu. Jumapili moja nikasingizia tumbo. Watu wote walipokwenda misani nilishuka bondeni kwake na ndoo na chandarua kikuukuu. Nilichota, tena nikachota, mpaka ndoo ikawa inatikisika. Nikaitwika, nikashika njia ya mtoni, samaki wanagonga ndoo juu ya utosi wangu. Bibi mmoja jirani, ambaye miguu ilimzuia kwenda kanisani, akaniona. "We mama, maji unayapeleka mtoni?" Nikamwambia ni maji machafu ya kufulia. Nikawamwaga kwenye kidimbwi kirefu, palepale nilipokuwa nategea migono.

Mvua za masika zilipopita, watu walianza kupata perege mtoni. Nikakaa mkao wa kufurahi. Wapi! Kwenye sengu nilisikia wazee wanamshukuru yeye. "Bwawa lako limefurika, mama, umetulisha ukoo mzima." Mimi ndiye niliyebeba ndoo, shingo inaniuma wiki nzima, halafu shukrani anachukua yeye! Na ningesemaje? Kwamba niliiba?

Nilijipalia makaa mwenyewe. Msimu wa pili migono yangu ilianza kutoka na perege wa nusu kiganja, vichwa vikubwa, miba mitupu. Visamaki vyangu vikapungua. Msimu wa tatu nikapata vitano, nikavitazama hata nikaona aibu kuvipika. Baada ya hapo sikupata tena. Bwana samaki alisema perege hula mayai ya wenzao na chakula chao, na katika maji yetu ya baridi huzaana ovyo bila kukua. Basi mtoni hapakuwa na perege wa maana wala visamaki. Baba mkwe akawa ananiuliza kila jioni, "Mke wa mkubwa, wale wangu?" Nami sina.

Mwishowe baba mkwe akaitisha sengu ya shauri, wanawake tukaitwa. Akasema mto umekufa, na anataka kujua nani aliyeuua. Macho yote yakamgeukia mke wa shemeji. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema moyoni, leo umepatikana, leo utashuka.

Akapiga magoti. Hakujitetea hata neno. "Baba, ni samaki wangu. Ukingo ulivuja wapi sijui, ila ni wangu. Bwawa tutalikausha kesho. Nisameheni." Ulimi wangu ulikuwa na kila kitu cha kusema, nikawa kimya kama maji ya mtungi.

Mzee akasogea kwenye gogo la mgomba alilokalia, akapiga kando kwa kiganja. "Inuka, mwanangu. Njoo ukae hapa." Akamega tonge la kwanza, akampa kwa mkono wake, mbele ya wanaume wote. Tangu nilipoolewa katika ukoo ule sikuwahi kuona mwanamke analishwa pale.

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nimeshikilia bakuli langu. Kosa lilikuwa langu, na msamaha ule ulikuwa wangu, nami nilimtazama akiutafuna, nikamwonea wivu kuliko siku zote.