Sizoni ya Vipande Ishirini na Tano

Saa kumi na dakika ishirini jioni, siku ya Jumatatu, nilichomeka flashi kwenye runinga yetu, hapa Mbagala, na sizoni ikaanza. Mke wangu alikuwa amelala ubavu kwenye godoro tulilolihamishia sebuleni, miguu ameielekeza mlangoni ili apate upepo. Tulikuwa tumerudi kutoka hospitali saa nane na nusu. Ilikuwa siku yake ya kwanza ya mionzi. Zilikuwa zimebaki ishirini na nne.

Saa ninazitaja kwa sababu ninazo kwenye daftari. Mimi ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejifunza mwenyewe, Kiingereza kikiwemo, kwa kamusi na magazeti ya kufungia vitu. Mtu aliyesoma namna hiyo haiamini kumbukumbu yake, huandika. Mke wangu aliniita Karani, na hakuwa ananisifu.

Yeye alikuwa fundi cherehani, na ugonjwa wake ulikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Alipoambiwa kwamba atapigwa mionzi siku ishirini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, alikataa. Dada yake alilia. Mimi nilieleza, nikaeleza tena. Siku ya nne akasema:

"Haya, nitakwenda. Lakini nikirudi mnipe kitu cha kuangalia. Sitaki mie natazama dari, nyie mnanitazama mie."

Nikaenda kwa muuza muvi wa mtaani kwetu, mwanamume mnene ambaye kibanda chake kina kompyuta moja na feni mbili, zote zikiipuliza kompyuta.

"Nataka sizoni ya vipande ishirini na tano," nikamwambia.

"Ya mapigano au ya mapenzi?"

"Yoyote. Iwe ishirini na tano kamili."

Akageuka kwenye kiti. "Shikamoo kwanza, mzee wangu, maana leo nimepata mteja mpya. Watu wanauliza nani anauawa, wewe unauliza idadi kama unanunua matofali."

Alitafuta kwa dakika kumi. Aliyoipata ilikuwa ya uchawi na falme, imetafsiriwa yote. Akasema sizoni nzima ni elfu nane. Nikamwambia nitachukua kipande kimoja kila siku, akasema kimoja kimoja ni mia tano, nitapata hasara. Nikakubali hasara. Vikiwa vyote nyumbani mke wangu angevimaliza kwa siku tatu, na sababu ya kupanda bajaji ingekuwa imekwisha. Siku moja ya mionzi, kipande kimoja. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano, na yeye aliyajua.

Sizoni yenyewe ilihusu nchi ambayo moto wote umezimika. Haliwaki jiko wala taa, na malkia mmoja wa barafu anameza kijiji kimoja kimoja. Kaa la mwisho lililobaki linabebwa ndani ya chungu chenye kifuniko na bibi mmoja mfagiaji wa jiko la kifalme, ambaye hana uchawi wala upanga. Anatakiwa alifikishe mji ulio nyuma ya milima. Kila kipande kuna mtu anayetaka kumnyang'anya.

Mtafsiri wake alikuwa mmoja wa wale madijei wanaofunika sauti zote kwa sauti yao moja. Malkia ni yeye, mtoto mchanga ni yeye, farasi akilia ni yeye. Malkia alimpa jina la "mama mwenye nyumba", na kila alipotokea alisema, "Kaja tena, na kodi haijafika." Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaacha kucheka kwa sababu ya tumbo.

Vipande vitano vya kwanza ndivyo vizuri kuliko vyote. Waliotengeneza walikuwa bado hawajapata haraka. Bibi anatembea, anapumzika, anapuliza kaa, anatembea. Cha sita kina joka, na joka lenyewe ni baya: linapita juu ya theluji bila kivuli. Niliandika hivyo. Kila jioni baada ya uji mke wangu alisema, "Soma, Karani," nami nilimsomea nilichoandika siku ile, neno kwa neno. Yalikuwa mazoea yetu hata kabla ya ugonjwa. Nilikuwa nikimsomea hata hesabu za saruji.

"Kipande cha saba," nilisoma siku moja. "Bibi ametembea siku arobaini. Hajaonekana kuongeza mkaa hata mara moja. Kaa haliwezi kukaa siku arobaini."

"Karani, hata huruma huna? Moto wa maajabu hauli mkaa."

"Basi wangesema."

"Wakuambie wewe? Watengeneze sizoni nzima, halafu watume barua Mbagala?"

Yeye alitazama nguo. Joho la bibi lilikuwa la kijivu, zito, na tangu siku ya kwanza alilisifu. "Huyu fundi wao anajua kazi. Ona begani. Mie nilikuwaga nakata magauni ya wazee kanisani, wanakuja wanasema nishonee kama la binti yangu. Mwili ukishashuka, nguo nayo inatakiwa ikubali kushuka."

Wiki ya pili ngozi yake ilianza kuungua. Wiki ya tatu hakuweza tena kukaa, na kwenye bajaji alilala kwenye mapaja ya dada yake huku mimi nikikaa mbele na dereva. Alitapika uji, akatapika maji. Lakini kila asubuhi saa kumi na mbili, dereva akipiga honi mara moja, alikuwa ameshavaa. "Twendeni," alisema. "Mbeba moto ananingoja." Ijumaa ya wiki ya tatu alitimiza siku kumi na tano. Nilizikata kwa kalamu nyekundu.

Jumatatu iliyofuata tulitazama kipande cha kumi na sita. Bibi anafika kwenye mto nusu umeganda. Askari wa malkia wako nyuma yake. Anavuka, maji yakimfika kifuani, chungu amekiweka kichwani, na anaanguka ng'ambo. Binti mmoja muuza chumvi anamkuta. Picha inakatika kidogo. Halafu tunamwona binti amevaa lile joho, ameshika chungu, anapanda mlima.

"Watazamaji wangu!" akapaza sauti dijei. "Mto ule ni wa dawa! Bibi yetu kaingia kikongwe, katoka kigori! Uzee wote kauacha majini!"

Mke wangu alipiga makofi mawili. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Ona, Karani. Kumbe mtu anaweza." Kisha akalala.

Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Dijei alikuwa ameyafunika kwa utepe wenye namba yake ya simu, lakini mstari wa juu mara nyingine ulijitokeza. Nilirudisha nyuma, nikasimamisha picha, nikachukua kamusi ingawa sikuihitaji. Binti alikuwa anasema: tutamzika hapa, halafu nitaubeba mimi.

Nikaandika kwenye daftari sentensi tatu.

Saa kumi na mbili na robo aliamka, akanywa vijiko vinne vya uji. "Haya, soma."

Nimefikiri sana juu ya dakika ile. Ningeweza kusema kwamba sijaandika. Ningeweza kutunga jambo juu ya mto, au juu ya farasi. Katika miaka ishirini na miwili sikuwahi kumsomea kisichokuwepo kwenye karatasi, na nilidhani hiyo ndiyo heshima niliyokuwa nampa. Nikasoma: "Kipande cha kumi na sita. Mbeba moto amekufa, aliyechukua chungu ni muuza chumvi. Mtafsiri amedanganya."

Nje jirani alikuwa anapiga nguo za kufua.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Joho. Nimelitazama siku kumi na sita. Lile limekatwa kwa mabega yaliyoshuka. Yule binti limemning'inia, na kwapani limevuta. Maji ya dawa yataondoa mikunjo ya uso, sawa. Mfupa wa bega hayaugusi."

"Sasa mbona ulicheka?"

"Nilikuwa nimeshakubali. Wewe ndiyo umekwenda kuandika."

Asubuhi dereva alipiga honi mara moja, akapiga ya pili. Mke wangu alikuwa amelala na gauni lake la kulalia.

"Mwambieni aende."

"Zimebaki tisa tu," nikasema.

"Tisa za nani? Wangu kaishia mtoni. Huyo mwingine sina habari naye." Dada yake alianza kulia. Mke wangu akamshika kidole kimoja, bila nguvu. "Unalia nini na wewe? Ngozi inaungua ya kwako?" Kisha akanigeukia. "Nimechoka, baba. Sijakasirika. Usije ukaandika nimekasirika."

Dereva aliondoka saa kumi na mbili na dakika arobaini. Niliandika: hajakasirika.

Saa nne nilikwenda kwenye kibanda cha muvi. Nilikuwa sijawahi kugombana na mtu mtaani kwetu.

"Mtafsiri wako ni mwongo," nikamwambia. "Bibi amekufa."

"Mzee, nani asiyejua kama bibi kafa?" Hakuwa anacheka. "Mama zetu wote wanaochukua hapa wanajua. Wanakuja hapa wanasema, dijei katuokolea bibi, nipe kinachofuata. Ndiyo raha yenyewe." Akanitazama vizuri. "Ngoja. Ulimwambia mgonjwa?"

Alichukua flashi mkononi mwangu, akaingiza vipande vyote tisa, akairudisha. Nilitoa hela akazisukuma. "Nenda nazo nyumbani, mzee. Mwekee tu."

Nilimwekea. Aliomba nizime.

Muuguzi alipiga simu Jumatano na Ijumaa, akasema bado nafasi ipo. Dada yake alimleta mchungaji. Mimi nilieleza, nikaeleza tena, kwa mpangilio, faida upande huu na hasara upande huu, na yeye alinisikiliza kama anavyosikiliza mtu bei za kitambaa asichotaka kununua. Kumbeba kwa nguvu kungewezekana, alikuwa mwepesi. Sikumbeba.

Alifariki wiki saba baadaye, Jumapili, saa tatu kasorobo asubuhi. Daktari niliyemfuata baada ya mazishi alisema ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali, na kwamba siku zile tisa huenda zisingebadili kitu. Alisema huenda. Neno hilo nimelipigia mstari.

Ndugu walipoondoka nilitazama vipande vilivyobaki, vitatu kila siku kwa siku tatu, bila kuandika. Naweza kusema ni sizoni ya wastani. Kuanzia cha kumi na saba haraka inaingia, vita ni vingi, na malkia anashindwa kirahisi mno kwa mtu aliyemeza vijiji vyote vile. Binti anafikisha moto. Mji unawasha taa zake moja baada ya nyingine, na hakuna anayeuliza nani aliubeba sehemu ya kwanza ya njia. Ni dijei peke yake aliyeendelea kumwita "bibi yetu" mpaka mwisho, bila kukosea hata mara moja. Kufikia kipande cha ishirini na mbili nilijikuta nayatazama mabega ya yule binti, na nikaona kama yameanza kushuka. Niliwasha taa, nikarudisha nyuma, nikatazama tena. Hayakuwa yameshuka.

Flashi nilimrudishia muuza muvi pamoja na elfu nne na mia tano. Safari hii alizipokea.

Kilichobaki ni bahasha. Mwanzoni kabisa, jumuiya yetu ya kanisani na dada yake walikuwa wamechanga nauli ya bajaji ya safari zote ishirini na tano, elfu ishirini na mbili kwenda na kurudi pamoja na kusubiri, nami niliziweka kwenye bahasha ndani ya Biblia yake, kila safari imekunjwa peke yake na kubanwa kwa pini za cherehani. Juzi dada yake aliniuliza zilibaki ngapi, maana watu wa jumuiya hawaulizi. Nilitoa pini moja moja, nikahesabu mara mbili mbele yake. Vifurushi tisa, havijaguswa: shilingi laki moja na elfu tisini na nane.