Golikipa wa Magome ya Mzinga

Enzi zetu hakuna aliyelia mapema. Siku jicho langu la kushoto lilipoharibika, uwanjani Kibaoni, mpira wa magongo ulikuwa bado sare. Mpira ule mweupe, mgumu kama jiwe la kusagia, ulinikuta golini uso mtupu. Sikuanguka. Nilimuuliza beki wangu Maige kama goli limeingia. Maige akanitazama kidogo, akasema, "Halijaingia, kaka. Ila jicho lako silioni." Ndipo nikakaa chini.

Wenzangu mliosoma Mpanda miaka ya tisini mnazikumbuka asubuhi zile. Dumu la maji kichwani, fagio kwapani, mfukoni bungo moja la kula mapumziko, na mwalimu wa zamu amesimama getini na fimbo kama mtu anayesubiri wageni. Mvua zikianza, mama anapika uyoga wa porini kwa karanga, na ugali unaisha kabla hujanawa vizuri. Mama alikuwa na msemo wake: "Anayechagua chakula hajaona njaa, anayechagua kazi hajaniona mimi." Hatukuchagua.

Mpira wa magongo uliletwa na bruda mmoja wa misheni, mtu wa ng'ambo. Magongo tulijitengenezea wenyewe. Tulikata fito za mkole, tukazipinda juu ya moto wa jikoni, mama zetu wakitutukana polepole. Mimi niliwekwa golini kwa sababu sikuwa na mbio. Kumbe nilikuwa na miguu isiyoogopa. Bruda akaagiza kwao vifaa vya golikipa: pedi nene za miguuni, na kofia ngumu yenye wavu wa chuma mbele ya uso. Alinivalisha mwenyewe, akacheka, nikacheka. Halafu akahamishwa, na kabla hajaondoka alimkabidhi vile vifaa mwalimu wetu wa michezo. Jina lake nalitaja: Mwalimu Gervas. Alivipeleka nyumbani kwake vikalale salama. Vililala kweli. Kila nikiviulizia alisema, "Vifaa vya wageni havichezewi ovyo, kijana."

Basi nikaenda kwa babu. Babu alikuwa mfugaji wa nyuki, mizinga yake ya magome ya miyombo ilining'inia msitu mzima kuelekea Magamba. Alinipa mmoja mkuukuu, akaupasua katikati kwa urefu, nusu mguu huu, nusu mguu huu, tukafunga kwa kamba. "Nyuki waliukataa," alisema. "Labda na mipira itaukataa." Ilikataa kweli. Msimu mzima niliokoa kwa magome yale, nikinuka nta, nyuki wawili watatu wakinizunguka golini kuulizia nyumba. Ila gome halina dawa ya uso.

Nirudi Kibaoni. Mwalimu Gervas alinipakia kwenye lori la mahindi, akapanda na mimi, timu nzima ikabaki kulala kule mpaka usafiri wa kesho. Hospitalini Mpanda nilishushwa na magome yangu bado miguuni, uso umevimba mpaka mdomo haufunguki. Muuguzi akatazama miguu kwanza.

"Huyu kafanya nini?"

Mwalimu Gervas akakohoa. "Vijana hawa na mizinga ya watu, dada. Unawajua."

Mimi nasikia. Kusema siwezi.

Huku kwetu ukiiba kuku utapigwa na kusamehewa. Ukirina mzinga usio wako, hata salamu yako inapokelewa kwa mkono mmoja. Timu iliporudi kesho yake ikasema ukweli, lakini mji ulikuwa umeshamaliza kuula uongo wake. Na mtoto wa darasa la saba ana mdomo gani mbele ya mwalimu?

Nilipopona mama alinipeleka kwa Mwalimu Gervas tukaulize. Tulimkuta mkewe amekalia pedi, anachambua mchele. Kofia yangu ilikuwa uani, imefunika vifaranga, mama yao anaudonoa wavu kwa nje. Mwalimu alipotoka ndani, mama aliionyesha kwa kidevu.

"Mwalimu, vifaranga wako wamekingwa vizuri."

"Mwewe, mama. Msimu huu mwewe ni wengi."

Tukaaga.

Nilirudi golini na jicho moja, nikigeuza shingo kama jogoo, nikadaka miaka mingi tu. Sasa ni kocha, nafundisha wasichana hapa Nsemulwa. Kofia wanazo, pedi wanazo, chupa ya maji kila mmoja na yake. Ukiwaambia wakimbie wanauliza, "Kocha, kwani tunaenda wapi?" Mmoja aligongwa kidole akapiga picha kidole kwanza, kilio kikafuata. Golikipa wangu anaitwa Kabula, na katika kuishi kwangu sijaona mtoto anayedaka kama yule. Wiki iliyopita mama yake alikuja kumchukua katikati ya mazoezi.

"Mwanangu hafundishwi na mwizi wa asali," alisema, mbele ya wote.

Kabula akavua kofia, akaniwekea miguuni, akaondoka. Wenzake wawili hawajaonekana tangu siku hiyo.

Wakati mwingine nautamani utoto ule, uyoga wa mama, moshi wa jikoni tukipinda magongo, babu akicheka peke yake. Kitu kimoja tu sikitamani. Enzi zetu mwalimu hakuulizwa kitu. Hawa watoto wa siku hizi, pamoja na simu zao na uvivu wao, wanamuuliza yeyote, na asipojibu wanamuuliza tena. Hapo wametuzidi.

Nami nimejifunza kwao. Mwalimu Gervas, umestaafu, uko Magamba, afya unayo, nimeambiwa. Jumamosi mama yake Kabula atakuwepo uwanjani, nimemwomba aje na amekubali kwa shida. Njoo usimame pale, mbele yake, ujibu swali moja: siku ile Kibaoni nilipigwa na nini?